Taa wa Chardin na Vumbi la Rangi: Mjadala kuhusu Hadhi ya Vitu Tuli na Pasteli

Mada na istilahi zake

Mada inayowekwa mbele ya wasomaji ina vipande viwili: kwanza, kwamba picha ya vitu tuli ni daraja la chini la uchoraji, inayomfaa mwanafunzi anayejizoeza kuliko msanii aliyekomaa, pili, kwamba pasteli ni chombo cha kuandalia picha tu, kisichoweza kubeba kazi kamili. Vipande hivyo huonekana kuwa mbalimbali, lakini katika historia vimekwenda bega kwa bega, kwa sababu vyote viwili vinatokana na imani moja, kwamba kazi za sanaa zinaweza kupangwa katika ngazi ya juu na chini hata kabla picha yenyewe haijatazamwa. Mjadala huu unaichukua Ufaransa ya karne ya 18 kuwa uwanja wake, maana huko ngazi hiyo iliandikwa, ikatumiwa kugawa vyeo, na hatimaye ikatikiswa na mchoraji mmoja aliyeishi maisha yake yote katika kidato cha chini, Jean-Siméon Chardin, aliyezaliwa Paris mwaka 1699 na kufariki humo humo mwaka 1779.

Kabla ya wasemaji kusimama, yafaa istilahi ziwekwe wazi. Kwa vitu tuli hukusudiwa vitu visivyojongea, ama kwa kuwa havikuwa na uhai tangu awali, kama chungu, kitabu na kisu, ama kwa kuwa vimekwisha kutengwa na uhai wake, kama matunda yaliyochumwa, maua yaliyokatwa na samaki waliovuliwa, ambavyo mchoraji huvipanga mezani na kuvichora akiwa anavitazama. Waholanzi wa karne ya 17, ambao soko lao la picha za aina hii lilikuwa kubwa, waliziita kwa neno lenye maana ya uhai uliotulia, ilhali Wafaransa baadaye walizipa jina lenye maana ya maumbile yaliyokufa, na hitilafu hiyo ya majina peke yake yatosha kuanzisha ubishi.

Pasteli ni kijiti kinachofinyangwa kwa kukanda unga wa rangi pamoja na chaki na gundi kidogo mno inayotoka kwenye utomvu wa mimea, kisha kuachwa kikauke bila kuchomwa. Kwa kuwa gundi ni haba, kijiti hukatika upesi na rangi hutoka kama vumbi linalonasa katika ukwaru wa karatasi, yaani vinyuzi na vijishimo vya uso wake. Na kwa kuwa hakuna mafuta yanayozifunika, chembe za rangi huurudisha mwanga moja kwa moja, ndiyo maana picha ya pasteli huonekana laini kama mahameli. Pasteli hii kavu isichanganywe na pasteli ya mafuta, ambayo imeungwa kwa nta na mafuta, haitoi vumbi, na ni uvumbuzi wa karne ya 20.

Misingi ya uchoraji itakayotajwa ni sita. Mstari ni alama inayoonyesha ukingo au mwendo wa kitu. Umbo huwa bapa likiwa na urefu na upana tu, kama duara, na huwa mjazo likipata kina, kama tufe. Toni ni kiwango cha weupe au weusi wa sehemu fulani, bila kujali rangi yake, hivi kwamba ndimu ya njano na karatasi ya waridi zinaweza kuwa na toni moja. Rangi huitwa joto ikielekea wekundu na njano, na huitwa baridi ikielekea buluu. Hali ya uso ni ulaini, ukwaru au utelezi wa kitu jinsi jicho linavyouhisi pasipo mkono kugusa. Nafasi ni umbali ulioachwa kati ya kitu na kitu, na kati ya vitu hivyo na ukingo wa picha. Namna mambo haya sita yanavyokaa pamoja ndiyo huitwa mpangilio.

Upande unaounga mkono mada

Msemaji wa kwanza: Mheshimiwa Mwenyekiti, ngazi inayotetewa na upande huu haikutungwa leo. Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na Uchongaji kilianzishwa Paris mwaka 1648, na André Félibien, aliyeichapisha mihadhara ya chuo hicho ya mwaka 1667, alieleza katika utangulizi wake kwamba anayechora mandhari yuko juu ya yule anayechora matunda, maua na makombe tu, kwamba anayechora wanyama walio hai yuko juu ya yule anayechora visivyojongea, na kwamba anayemchora binadamu amewapita wote hao, kwa kuwa binadamu ndiye kiumbe kamili zaidi duniani. Hata huyo wa mwisho, akiishia kwenye sura ya mtu mmoja, bado yuko chini ya mchoraji wa historia, anayekusanya watu wengi katika tendo moja lenye maana, akichota visa kutoka katika maandiko matakatifu, hadithi za kale na matendo ya mashujaa. Mantiki yake ni nyepesi kuifuata: kadiri picha inavyodai kubuni, kusoma na kupima mema na mabaya, ndivyo inavyopanda, na kadiri inavyodai jicho na mkono tu, ndivyo inavyoshuka. Chungu hakina azma, hakijuti wala hakisaliti, kwa hiyo anayekichora hana la kusimulia.

Msemaji wa pili: Hoja hiyo yahusu pia chombo. Katika miaka ile ile wanachuo wa Paris walibishana vikali kuhusu mstari na rangi. Charles Le Brun, aliyekiongoza chuo, alishikilia kwamba mstari ni kazi ya akili na rangi ni pambo linalokuja nyuma yake, wakati Roger de Piles aliitetea rangi kuwa ndiyo inayoitofautisha sanaa ya uchoraji na sanaa nyingine zote. Pasteli haina makao katika nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Ncha yake ni butu mno kwa mstari wa kalamu, na vumbi lake ni jepesi mno kushindana na uzito wa rangi za mafuta. Mtikisiko mmoja wa fremu huangusha chembe zake, kidole kimoja hufuta shavu zima la picha, na dawa ya majimaji inayopuliziwa ili kuishikisha huzifanya rangi zififie na kukolea giza. Chombo kisichoweza kuachwa ukutani bila kioo chawezaje kuitwa chombo cha kazi kamili?

Upande unaopinga mada

Msemaji wa kwanza: Mheshimiwa Mwenyekiti, jibu la upande huu linaanzia mahali palepale palipotajwa, katika Chuo cha Kifalme chenyewe. Mnamo mwezi wa Septemba 1728 Chardin, ambaye baba yake alikuwa seremala wa samani na ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa fasihi za kale, alipeleka mbele ya wanachuo picha zake, nao wakampokea siku hiyo hiyo kuwa mchoraji mwenye kipaji cha wanyama na matunda, wakibaki na picha mbili, moja ikiwa ya meza ya vyakula na nyingine ikiwa ya samaki aina ya taa. Picha hii ya pili, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, ina kimo cha sentimita 114 na upana wa sentimita 146, nayo haina shujaa wala malaika: taa aliyetumbuliwa ametundikwa kwenye ndoana juu ya meza ya jikoni, matumbo yake mekundu yakiwa wazi, upande mmoja paka mdogo amesimamisha manyoya akikanyaga chaza zilizofunguliwa, na upande wa pili kuna mtungi wa udongo, chupa, sufuria na kitambaa cheupe, huku mpini wa kisu ukichomoza nje ya ukingo wa meza.

Yeyote aliyewahi kupita katika soko la samaki la pwani anamfahamu taa, na anajua kwamba upande wake wa chini, ule mweupe wenye mdomo na matundu mawili ya pua, humtazama mtu kama uso wa binadamu. Chardin aliliona jambo hilo na kulitumia, akakifanya kitu kilichokufa kiwe kitovu cha macho, yaani pale jicho linapofikia kwanza na linaporudi mara ya mwisho. Mpangilio wake ni wa pembetatu, taa akiwa kilele chake. Kisu kinachotokeza kinauvunja mpaka wa picha na kuingia katika nafasi ya mtazamaji. Kitambaa cheupe kinalijibu tumbo jeupe la taa, na wekundu wa matumbo haupatikani tena kwa ukali ule mahali pengine popote. Je, huko si kubuni? Anayedai kwamba chungu hakisimulii anasahau kwamba kisu kilichoachwa ukingoni kinaeleza kuwa mtu ameondoka sasa hivi, na paka aliyesimamisha manyoya anaeleza kuwa mtu huyo huenda akarudi.

Msemaji wa pili: Kuhusu chombo, historia yenyewe inaukataa upande wa kwanza. Rosalba Carriera, mwanamke wa Venice aliyezaliwa mwaka 1673, alikwenda Paris mwaka 1720, akachora watu wa daraja la juu kwa pasteli, na mwaka huo huo chuo kile kile kikampokea. Mwaka 1755 Maurice Quentin de La Tour alionyesha picha ya pasteli ya Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme wa Ufaransa, yenye kimo kinachokaribia mita 1.8, iliyoundwa kwa karatasi kadhaa zilizounganishwa. Inafaa itazamwe meza iliyo kando ya bibi huyo: juu yake yamepangwa tufe la dunia na majalada makubwa, mojawapo likiwa la kamusi elezo iliyokuwa ikihaririwa na Diderot na d'Alembert, na jingine likiwa kitabu cha Montesquieu kuhusu sheria. Bibi amevaa hariri, lakini vitabu ndivyo vinavyosema alitaka aonekane kuwa nani. Ukiviondoa vitu hivyo tuli, picha hubaki na mwanamke mzuri aliyeketi, na hoja yake yote hupotea.

Kuhusu udhaifu wa vumbi, yatosha kuikumbuka picha ya Jean-Étienne Liotard ya msichana anayebeba chokoleti, iliyochorwa kwa pasteli juu ya ngozi laini yapata mwaka 1744, na ambayo imo Dresden hadi leo. Kwenye sinia la msichana huyo mna kikombe na bilauri ya maji, na ndani ya bilauri hiyo mwanga umevunjika kama unavyovunjika katika maji ya kweli. Mafuta ya picha za zama hizo yamegeuka njano na kupasuka nyufa mara nyingi, ilhali vumbi hilo, kwa kuwa halikuwa na mafuta ya kuzeeka, limehifadhi ubichi wake kwa zaidi ya miaka 270.

Majibu ya pande mbili

Upande unaounga mkono: Mifano hiyo haithibitishi kinachodaiwa. Chardin alipokelewa, ni kweli, lakini kiti cha profesa katika chuo kile kilitengewa wachoraji wa historia, naye hakukipata. Alifanywa mtunza hazina mwaka 1755, akapewa pia kazi ya kupanga picha za wenzake ukutani wakati wa maonyesho, na miaka miwili baadaye akapewa makazi ndani ya Louvre, lakini heshima hizo alipewa kwa uaminifu na ustadi wake, wala ngazi yenyewe haikubadilika. Hata Diderot, aliyemsifu mno katika mapitio yake ya maonyesho, hakuwahi kusema kwamba picha ya matunda inalingana na picha ya historia. Tena, pasteli za Carriera, La Tour na Liotard zilizotajwa ni sura za watu, na vitu vilivyomo humo vimekuja kama wapambe wa bwana harusi.

Upande unaopinga: Jibu hilo linafichua jambo ambalo ngazi haikupenda liulizwe: ngazi ilimfaa nani? Mchoraji wa historia alipaswa kuujua mwili wa binadamu kwa kuchora watu walio uchi katika darasa la chuo, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika darasa hilo. Anne Vallayer-Coster, aliyepokelewa chuoni mwaka 1770 akiwa na umri wa miaka 25 tu, aliingia kwa picha za vitu tuli, zikiwemo za ala za uchoraji na za muziki, kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Mlango unapofungwa kwa kufuli, kisha aliyebaki nje akadharauliwa kwa kutokuwamo ndani, ngazi hiyo haiwezi kuitwa kipimo cha sanaa.

Na Diderot, mwaka 1763, aliandika jambo la maana zaidi kuliko sifa. Alieleza kwamba picha za Chardin zimejengwa kwa tabaka nene za rangi zilizolazwa moja juu ya nyingine, hivi kwamba mtazamaji akisogea karibu kila kitu huvurugika na kuyeyuka, na akirudi nyuma kila kitu hujiumba upya. Anayejua kazi ya pasteli hutambua mara moja kwamba hiyo ndiyo kanuni yake: rangi moja haipakwi ikakorogwa na nyingine kibaoni, bali hulazwa juu ya mwenzake, chembe kando ya chembe, na jicho ndilo linalozichanganya kwa mbali. Kwa maneno mengine, Chardin alikuwa akifikiri kwa namna ya pasteli miaka mingi kabla hajakishika kijiti.

Alikishika uzeeni. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, jambo ambalo huhusishwa na madini ya risasi yaliyokuwamo katika rangi za mafuta za wakati huo, na mwenyewe alieleza katika barua ya mwaka 1778 kwamba maradhi ndiyo yaliyomzuia kuendelea na mafuta. Katika maonyesho ya mwaka 1771 alitoa picha ya pasteli ya uso wake mwenyewe, akiwa amevaa miwani puani na kitambaa kichwani. Mwaka 1775 akatoa nyingine, safari hii akiwa na kikinga mwanga cha kijani juu ya paji la uso. Upande wa kwanza utasema kwamba hizo nazo ni sura za mtu. Lakini zitazamwe vizuri. Uso ule hauombi huruma wala haujitangazii ukuu. Umewekwa mbele ya mtazamaji kama mtungi ulivyowekwa juu ya meza, huku mashavu yakijengwa kwa mistari ya buluu, kijani na nyekundu iliyokaa ubavu kwa ubavu, na miwani, kitambaa na kikinga mwanga vikipewa uangalifu ule ule uliopewa jicho. Miaka 40 na zaidi ya kutazama sufuria ndiyo iliyomfundisha mzee huyo kujitazama pasipo kujidanganya.

Wachangiaji kutoka ukumbini

Mchangiaji wa kwanza: Mjadala umebaki Paris, lakini mwambao wa Waswahili una neno la kuongeza. Katika mapokeo ya Kiislamu, wanazuoni wengi wamekataza kuchora viumbe wenye roho, na Ibn Abbas anasimuliwa kumshauri mchoraji mmoja kwamba, ikiwa hana budi kuchora, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Hapa ngazi ya Félibien imepinduliwa kichwa chini miguu juu: kilichowekwa chini kabisa huko kwa kukosa roho ndicho kilichofunguliwa mlango huku kwa sababu hiyo hiyo. Milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu, yenye mayungiyungi, minyororo na matawi ya mitende, pamoja na kanga zenye korosho katikati ya mji wake, ni ushahidi kwamba watu wanaweza kuvipa vitu heshima kubwa bila kuvitazama kama mazoezi ya wanaoanza. Kweli, nakshi hukirudia kitu mpaka kiwe alama, wakati picha ya vitu tuli hukitazama kitu kimoja katika mwanga wa saa moja. Hata hivyo zote mbili zinakubaliana kwamba kitu kisicho na roho kinastahili jicho la mtu mzima.

Mchangiaji wa pili: Pamoja na hayo, kuna hatari ambayo upande unaopinga mada hauna budi kuikabili. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliona afadhali awasimulie wanafunzi tukio kwa maneno, kisha wachore kile walichokiona akilini mwao, kuliko kuwaketisha mbele ya vitu vya kigeni. Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagga, alitoka katika mafunzo hayo akichora maisha ya kijijini kwake kutoka katika kumbukumbu. Cecil Todd alipokuja kufundisha Makerere mwaka 1958, uchoraji wa kutazama ulipewa uzito zaidi, na tangu hapo walimu wa Afrika Mashariki wamegawanyika. Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, amejulikana kwa onyo lake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Mwanafunzi anayewekewa chupa ya mvinyo na tufaha, vitu ambavyo havimo jikoni mwa mama yake, hajifunzi kuona. Anajifunza kunakili picha za watu wengine kwa kutumia vitu halisi.

Upande unaopinga: Onyo hilo linapokelewa, nalo linahusu vitu vilivyochaguliwa, wala halihusu tendo la kutazama. Na iwekwe mezani nazi iliyovunjwa, vifuu viwili kando ya mbuzi ya kukunia, karibu na dirisha moja ili mwanga utoke upande mmoja tu. Katika mkusanyo huo mdogo misingi yote sita imo. Kifuu kilichofunikwa ni umbo mjazo linalobinuka kumwelekea mtazamaji, na kilicholala chali ni umbo lililobonyea, hivyo mwanga na giza hubadilishana mahali: pale ambapo kifuu cha kwanza kimeng'aa, cha pili kimetiwa kivuli. Nyama ya nazi ni laini na yenye majimaji, gamba lina makumbi na ukwaru, na meno ya chuma ya mbuzi yana mng'aro mkali. Hizo ni hali tatu za uso ambazo haziwezi kuchorwa kwa alama ya aina moja.

Kwa pasteli kazi hiyo ina utaratibu wake. Mchoraji huchagua karatasi ya rangi ya kaki au kijivu, yenye toni ya wastani, ili weupe na weusi vyote vipimwe dhidi yake. Juu ya karatasi nyeupe, nyama ya nazi ingekosa pa kung'aria. Huanza kwa mistari myepesi inayoonyesha mahali pa kila kitu na nafasi zilizo katikati, kisha hulaza kijiti ubavu na kujaza maeneo makubwa ya kivuli, akitoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, kwa sababu pasteli hufunika kilicho chini yake na rangi nyepesi hukaa vizuri juu ya nzito. Hapo ndipo hutambua kwamba kivuli kina sehemu zake: kuna kivuli cha mwili, kilicho juu ya kitu chenyewe upande usioelekea dirishani, kuna kivuli cha kuanguka, kinachotupwa mezani, ambacho huwa kikali karibu na kitu na kulegea kadiri kinavyokwenda mbali, na kuna mwanga uliorudi, yaani ukanda mwembamba unaong'aa ndani ya kivuli kwa sababu meza inaurudisha mwanga kwenye gamba. Kivuli cha nazi juu ya jamvi hakiwi cheusi. Kina buluu, kina urujuani, na pengine kina wekundu wa ukili uliotiwa rangi. Kijiti cheusi kikishikwa hapo, picha hutoboka. Mng'aro wa meno ya mbuzi na wa maji ya nazi huja mwisho kabisa, kwa mguso mmoja usiorudiwa, maana karatasi iliyokwisha kujaa vumbi haishiki tena. Mwanafunzi aliyefanya hivyo hajanakili. Ameamua mara mia moja, na kila uamuzi umeacha alama.

Uamuzi wa mwenyekiti

Baada ya kuzisikiliza pande zote, mwenyekiti anaona kwamba kipande cha kwanza cha mada kimeanguka. Ngazi ya Félibien ilipima ukubwa wa kisa, na kisa kikubwa kinaweza kuchorwa na jicho lisiloona chochote, kama vile kifuu cha nazi kinavyoweza kuchorwa na jicho lililokomaa. Tena imeonekana kwamba ngazi hiyo ilikuwa na walinzi langoni, na kwamba waliobaki nje walizaa matunda ambayo waliokuwa ndani walilazimika kuyakubali. Kinachobaki hai katika upande wa kwanza ni dai lake kwamba picha lazima iwe na fikra. Dai hilo ni la haki, isipokuwa lilikosea kudhani kwamba fikra hukaa katika mada peke yake, ilhali taa wa Chardin ameonyesha kwamba hukaa pia katika uamuzi wa mahali pa kuweka kisu.

Kipande cha pili nacho kimeanguka, ingawa kwa masharti. Pasteli huchora na kupaka rangi kwa pigo moja, ncha yake ikitoa mstari na ubavu wake ukitoa rangi, kwa hiyo ugomvi wa Le Brun na de Piles hukutana ndani ya kijiti kimoja na kwisha. Hata hivyo udhaifu uliotajwa ni wa kweli. Picha ya pasteli yahitaji kioo kisichougusa uso wake, yahitaji mwanga hafifu pale ambapo rangi zake ni za aina inayochujuka, na katika hewa ya pwani yenye unyevunyevu yahitaji kukaguliwa mara kwa mara, maana karatasi na gundi ya mimea ni chakula cha ukungu. Kudai utunzaji si upungufu wa hadhi. Hati za kale nazo hudai hivyo hivyo.

Onyo la mchangiaji wa pili linaingizwa katika uamuzi huu kama sharti lake la mwisho. Kwa hiyo mwalimu wa sanaa, awe Tanga, Mombasa au Bujumbura, anaombwa aiache chupa ya kigeni kabatini, alete darasani kitu ambacho wanafunzi wamekishika tangu utotoni, akiweke karibu na dirisha, na asikiondoe mpaka kila mmoja wao awe ametaja kwa kinywa chake rangi ya kivuli kile.